Rangi Kwenye TV ya Chogo

Kwa Bibi Magdalena,
Issuna, Ikungi,
Singida.
Jumapili, 21 Julai 2024

Mpendwa dada Loyce,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa anayekuandikia ndiye fundi mkubwa wa TV kuanzia Issuna mpaka Manyoni, na kwa haki wewe ndiye ungeniamkia. Walimu wangekijua kichwa hiki, wasingekiachia kiishie kidato cha pili.

Hujambo huko Tunduru? Lile jino limeng'olewa au bado unalibembeleza? Sisi wazima. Bibi anakohoa asubuhi tu, vumbi la kupepeta alizeti. Simu yake ilitumbukia kisimani, ndiyo maana nampa barua hii mwalimu Melkizedeki anayekuja huko.

Gemu uliyonitumia ilifika salama na pedi zake mbili za kuchezea. Ubishi ukawa kwa TV yetu ya chogo. Menyu ya mwanzo ilikuwa na rangi, ila mpira ukianza tu rangi zinakimbia, inabaki nyeusi na nyeupe kama picha ya kipaimara cha babu. Jezi zote zinafanana. Nilimpasia mpira beki wa adui mara nne!

Na haraka ilikuwepo. Gerald wa jirani alikuwa anaondoka Ijumaa kwenda Sekenke kuchimba dhahabu na mjomba wake. Tangu enzi za banda la gemu la Michael, kabla halijafungwa, tulikuwa sawa: yeye kashinda kumi na tisa, mimi kumi na tisa. Ilibaki mechi moja ya kumjua mbabe. Nikaapa haitachezwa kwenye picha ya msiba.

Nikaingia kazini. Waya ya njano nikaihamishia tundu lingine, picha ikapotea kabisa, nikairudisha mbio. Nikaikwangua ncha kwa wembe, chenga zikapungua, rangi hakuna. Spika ya redio nikaishusha kutoka juu ya TV, maana sumaku yake ilikuwa imepaka doa la zambarau kwenye kona. Saa na magoli vilimezwa na ukingo wa kioo, nikaingia kwenye mipangilio ya gemu nikaivuta picha ndani. Usicheke, wewe ungeita fundi.

Jumamosi Bibi akachoka kunitazama. "We Chediel, siku ya nne unaichokonoa TV ya watu, unatafuta nini?"

Nikamwambia humo ndani kuna mahali pa kuchagua mfumo wa rangi, lakini panafunguliwa na rimoti, na rimoti ilishapotea.

"Ipotee wapi? Iko sandukuni chini ya vitenge, na nailoni yake. Nyie mngeichakaza."

Miaka tisa tunabonyeza TV kwa kidole, Dada, na rimoti imelala na vitenge! Nikatia betri, nikatoa PAL nikaweka AUTO, nyasi zikawa kijani palepale. Nikapunguza ukali na mwangaza kidogo, sura za wachezaji zikalainika. Hata kwenye kioo chako bapa hupati picha hii.

Sasa nacheza mwenyewe. Timu ya pili naiachia isimame tu, nimeshaifunga saba bila. Nikifunga nageuka kumtazama mtu, namwona Bibi na ungo wake. Jana nilimpa pedi, akaiweka sikioni.

Msalimie shemeji Damiani, mbusu Eliana, na shangazi Agnes mwambie karanga zake tulizipata na zimeshaisha. Mungu awafunike mlalapo na awatangulie mwendapo.

Kuna kitu sijakuambia. Alhamisi, kabla ya rimoti, Gerald alikuja. Akasema, "Chediel, tucheze hivihivi. Wewe mweupe, mimi mweusi, tutajuana." Nikamwambia aende zake, arudi picha ikikaa sawa, mimi sichezi na washamba. Akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Ijumaa asubuhi nilisikia Fuso inapiga honi pale njia panda, nikajua ndiyo yenyewe inayompeleka. Ikapiga tena. Nikainama nyuma ya TV nikaendelea kukwangua waya. Sikwenda kumuaga.

Mdogo wako akupendaye,
Chediel