Mkebe Uliorudi Umefukizwa

Mpendwa Baba Hodan,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, friza nzima, na stima haijakatika wiki hii yote, jambo ambalo hapa Garissa nalo ni la kutilia shaka. Sikupigii simu kwa sababu kila nikikuuliza kitu, dukani kwako Liboi huingia wateja. Basi nakuandikia. Dereva atakuletea barua hii pamoja na chakula.

Unakumbuka siku friza ilipofika? Ulikuwa umefungua duka, na mimi nilikataa katakata ule hotelini kama msafiri. Vijana walipoiteremsha, mama yako aliwazuia mlangoni kwa fimbo. "Beleka hii sanduku mbali!" aliwaambia. "Nyama nalala ndani ya baridi kama maiti, nani nakula? Wallahi mimi hakula! Majirani wote nasikia!" Majirani walisikia kweli. Wiki hiyohiyo alirudi kwa kaka yake Hadado, na kiapo chake kikabaki hapa mtaani kikisimuliwa.

Sisi tukaijaza. Ulipokuwa ukija nyumbani tulikatakata mbuzi mzima vipande vidogo vya suqaar, tukakaanga, tukapoza, tukatia kwenye mikebe ya maziwa ya unga uende nayo Liboi. Ulikunja sambusa zenye nundu, Hodan akaziita ngamia. Mimi nilikuwa nakutazama nikisema moyoni, huyu ni wangu. Nilikuwa na furaha siku hizo, na nataka ulijue hilo kabla sijafika mbele.

Maana mbele kuna mambo. Mwanzoni mikebe ilirudi jinsi mwanamume anavyorudisha chombo: mafuta yameganda, kifuniko hakionekani. Halafu ikaanza kurudi imesuguliwa, inang'aa. Ukaniambia niongeze chakula, eti njaa ya Liboi ni kali. Nikaongeza. Ukasema nikate nyama ndogo zaidi, niipike ilainike, na pilipili niache. Wewe, Baba Hodan, unayetafuna pilipili mbichi na wali! Nikajiuliza pilipili inamsumbua nani huko, na ana mimba ya miezi mingapi. Kisha ukaacha hata kuja, ukawa unamtuma dereva. Dalili ya mvua ni mawingu.

Safari hii mkebe mmoja umerudi ukinukia moshi. Niliingiza pua ndani. Umefukizwa, vile mama zetu walivyofukiza vibuyu vya maziwa: unatia kijinga cha moto, unatikisa, unafunika, unapangusa majivu. Wewe hata jiko la gesi huliwasha ukiwa umegeuza uso. Nikajua ni mkono wa mwanamke, tena si wa mjini. Niliketi jikoni nikalia, sikufichi, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni. Kumbe muda wote huo nampikia mke mwenzangu, tena nampunguzia pilipili!

Mkebe wa pili ulikuwa mzito. Ndani mlikuwa na nyirinyiri, ile nyama kavu inayozamishwa kwenye samli ikae miezi bila kuharibika. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Adabu anayo, nikasema, mwizi mwenye adabu. Nilikuwa nikiibeba nikampe paka, Hodan akaniwahi, akachovya kidole, akalamba.

"Hooyo, hii ni ya ayeeyo."

"Bibi yako yuko Hadado," nikamwambia. "Baba yako mwenyewe amesema."

"Ni yake. Ayeeyo hutia iliki nyingi."

Nikaonja. Iliki ilinipanda puani vilevile kama miaka ile tulipokuwa tukiishi naye. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mama yako magego yameisha, na kwamba pilipili humtoa machozi.

Sasa nisikilize. Kama ni yeye uliye naye huko, anakula kutoka friza ileile aliyoiapia, nawe unamfichia ili mtaa usimcheke, mwambie sikumcheka. Nimecheka kweli, lakini nilikuwa peke yangu. Mwambie kiapo kikivunjwa kina kafara yake, kulisha maskini kumi, na friza imejaa. Aje apakue kwa mkono wake. Nimemkumbuka mpaka ile fimbo yake.

Lakini mimi siwezi kumfanya mtoto kuwa shahidi wa ndoa yangu. Iliki inauzwa kila duka, na wewe ulimi wako umeshazoea kuniambia Hadado. Kwa hiyo njoo Ijumaa, na huyo anayefukiza mikebe yangu uje naye. Akishuka garini bibi kizee na fimbo yake, nitambusu mkono. Akishuka mwingine, maskini kumi nitawalisha mimi, na wa kwanza kupanga foleni mlangoni atakuwa wewe.

Wako mpaka Ijumaa,
Mama Hodan