Mahali pa Maziko: Nyamasaria

Baba,

Ni wiki ya sita tangu tukuzike Bondo, na nimekalia kiti chako mbele ya kompyuta yako. Nimekishusha kidogo ili miguu yangu ifike chini. Mama anasema nikuandikie maneno mazuri. Nitajaribu, lakini kwanza nina hasira na wewe.

Ulijua unaumwa tangu muhula uanze. Mama pia alijua. Ulimwambia, "Asiambiwe mpaka amalize mitihani." Nilimaliza, Baba, nawe ulikuwa umeshaondoka. Mama Mdogo akaja kunichukua shuleni, na njia nzima aliongea juu ya mvua.

Walisema tangazo lako nilitoe mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua tovuti yako ya matangazo ya vifo inavyofanya kazi. Ulinifundisha likizo mbili mfululizo. Familia inaleta maneno, tunayaweka kwenye faili ya XML, kila kitu ndani ya lebo yake: jina, watoto, siku, mahali pa maziko. Hatua ya kwanza ya programu inaisoma faili na kuikabidhi ya pili vitu hivyo, ambavyo uliviita vigezo. Ya pili inatengeneza ukurasa ambao watu wataufungua kwenye simu. Ulisema, "Hatua haijui kitu ambacho haikupewa. Usifikiri itakisia." Mimi nilisoma kila ukurasa kabla haujatoka, ukaniita Hatua ya Mwisho. "Hatua ya Mwisho, umeona kosa?" Nilikuwa nayaona, hata nukta iliyokosekana.

Kumbe nikiwa shuleni uliingiza hatua nyingine katikati, ya kupanga majina ya jamaa. Yenyewe haikuhitaji mahali pa maziko, basi hukuiandikia ikipokee kigezo hicho na kukipitisha mbele. Kikaishia hapo. Hukuniambia, wala hukuandika kwenye daftari letu. Na hatua ya kutengeneza ukurasa, ikikosa mahali, hutumia neno la akiba uliloliweka siku ile ya majaribio: Nyamasaria. Mtaa wa nyumba yetu ya kupanga. Nani huzikwa kwenye nyumba ya kupanga, Baba?

Tangazo lako ndilo lilikuwa la kwanza kupita humo.

Jamaa walipigiwa simu, hawakupotea. Lakini Mzee Salim, muuza nguo wa soko la Kibuye, aliyekuchagulia kila shati ulilovaa, alitegemea ukurasa wako, kama alivyofanya kwa kila msiba. Alikuja Nyamasaria asubuhi na kofia yake safi, akagonga geti lililofungwa kwa kufuli, mpaka jirani akamwambia tulienda Bondo jana yake. Alipofika huko, watu walikuwa wanakunja hema. Aliniambia, "Binti yangu, miaka yote hiyo na baba yako, halafu nimekuja kusalimia udongo." Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Kwa sababu ukurasa niliutoa mimi. Nilisoma jina lako pale juu, na neno Marehemu mbele yake, nikashindwa kuendelea. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Kwa hiyo hasira yangu si kwako tu, ni kwangu pia. Lakini sehemu yako ipo. Wewe uliyenionyesha kwamba hatua ya katikati lazima ipitishe hata kitu isichokitumia, ulimfanya Mama akae katikati yetu muhula mzima na kunyamaza. Ningekuja. Mitihani ingengoja.

Nimetafuta kosa siku tatu. Lilikuwa mistari miwili tu: mmoja wa kupokea, mmoja wa kupitisha. Halafu nikafuta lile neno la akiba. Sasa hatua ikikosa mahali inasimama na kuuliza. Ni afadhali isimame.

Achieng', mdogo wangu, aliniuliza jana ulikuwa unaumwa nini. Mama aliniangalia. Nilimwambia Achieng' yote ninayoyajua, akalia, kisha akaomba chai.

Jumamosi tunampeleka Mzee Salim Bondo, tukae naye pale bila haraka. Amesema atavaa kofia ile ile.

Nakuaga, Baba. Pumzika hapo Bondo, nyumbani kwako. Nakuahidi nitasoma kila ukurasa mpaka mstari wa mwisho, hata kama jina lililo juu linaniuma. Na watu wakininyamazia, nitauliza.

Binti yako,
Hatua ya Mwisho