Mwiko wa Uyoga

Alhamisi, 18 Aprili 1996

Mvua, na uyoga umetoka. Jirani yangu Khalayi ameniletea kikapu kizima asubuhi. Nimemrudishia. Alikunja uso kama mwaka jana, nami nikamweleza kama mwaka jana: humu ndani hatupiki uyoga, hata harufu yake inamtesa Barnaba. Ni mwiko tangu mwaka juzi, daktari wa Eldoret alipomtoa vile vinyama viwili kwenye utumbo mpana. Na mume wangu huyo aliupenda uyoga kuliko chakula chochote! Kuliko mimi, nilikuwa namtania.

Jumanne anarudi kupimwa. Kamera tena ndani ya utumbo. Safari hii tunaenda wote — mara ya kwanza nilibaki na binti yetu Beverlyne, alikuwa na surua. Nina hofu. Kaka yake Barnaba, Protus, alianza hivyo hivyo. Damu kidogo chooni, akasema ni bawasiri, tukamzika kabla ya Krismasi. Vinyama vyenyewe si saratani, lakini vikiachwa vinaweza kugeuka.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya ibada Barnaba amekwenda kumtazama Waziri, atapigana uwanjani Malinya Jumamosi. Ndiye fahali wetu na ndiye fahari yetu. Majirani huyatamka yote mawili sawa.

Jioni nimemchomea mbavu, na figo nimekaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Ndivyo nifanyavyo tangu aache uyoga. Mtu aliyenyimwa kimoja apewe kingine. Alikula, akapangusa mikono, akasema, "Mama Beverlyne, hata vikirudi, mimi masharti nimefuata."

Ni kweli. Kwenye harusi ya mpwa wake niliona akiisukuma sahani ya obwoba, uyoga wa kwetu, hadi mwisho wa meza, macho yakiifuata.

Jumatatu, 22 Aprili

Maji tu, na dawa ya kuharisha, utumbo uwe mtupu. Ameshinda chooni. Hasira za dawa anazimalizia kwangu.

Jumanne, 23 Aprili

Vimerudi. Vitatu.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 24 Aprili

Nijaribu. Daktari Cheruiyot ni mpole. Amevikata vyote na kuvipeleka maabara, majibu mwezi ujao. Akauliza Barnaba anakula nini. Nikajibu mimi, tena kwa kujivuna: uyoga hajagusa tangu ulipomkataza, daktari.

"Nani alimkataza uyoga?"

Kumbe siku ile alimwambia kinyama kina kichwa na kishina, kama uyoga, na kwamba tukizuie kisiote tena. Kisha akamwambia apunguze nyama, hasa ya kuchoma mpaka ikaungua, na mafuta, na sukari. Eti vyakula hivyo vinauchokoza utumbo kila siku, unakuwa kama kidonda kinachotoneshwa, na vinyama vinapata nafasi ya kurudi. Ale mboga, maharagwe, wimbi. Hana hakika ya yote, alisema, bado wanachunguza, lakini huo ndio ushauri alio nao. Na uyoga? Aule tu.

Barnaba alikuwa anatazama viatu vyake. "Dawa ya usingizi ilikuwa bado kwa kichwa," akasema. "Mimi nilisikia uyoga. Hiyo ya nyama sikusikia."

Njia nzima nilikuwa nawaza zile mbavu. Nimemkasirikia yeye, na daktari, na mimi mwenyewe zaidi, maana nilimlisha kwa upendo, tena nikamwongezea. Miaka miwili ameshika amri bila kuteleza — na amri yenyewe siyo!

Jumamosi, 27 Aprili

Waziri ameshinda. Ngoma za isukuti tangu alfajiri, na sasa uwanja mzima umehamia kwetu. Wazee wamewasha moto wao nje, wanachoma nyama ya sherehe. Figo na mbavu ni za mwenye fahali, ndiyo desturi.

Asubuhi nilimuuliza atafanyaje akiletewa. Alisema, "Watu watasema fahali ni mzima, mwenyewe ndiye mgonjwa."

"Kwa matanga ya Protus hawakusema?"

Nilijuta papo hapo. Akaenda zake.

Nimemwomba Khalayi uyoga. Nilipomweleza sababu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka. Nimeupika na maziwa, nikamwita Barnaba huku jikoni, mbali na wageni. Akakaa kwenye kigoda. Akanusa kwanza. Kijiko cha kwanza akafumba macho, na machozi yakatoka. Sijamwona akilia tangu tumzike kaka yake.

"Miaka miwili, Jael," akasema. Jina langu haliiti kamwe, tangu tupate mtoto. "Kumbe kuacha ninaweza."

Wanamwita nje. "Barnaba! Figo yako inapoa!" Ameweka kijiko chini, anatazama mlango. Naandika hapa kando ya jiko nisimtazame. Uyoga umebaki nusu sahani.

Wameita tena. Nimesikia kigoda kikilia.