Sauti Iliyosikika Kwenye Video

Newburg, Louisville
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu Margareta,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikiomba barua hii ikukute mgongo umekuachia na kile kiwanda cha Tonawanda kimekupa kazi ya kukaa. Sisi huku Louisville tu wazima, isipokuwa mguu wa mdogo wetu Minani. Huo ndio ulionishikisha kalamu, maana kwenye simu ungelia, nami nisingemaliza.

Uliniuliza kesi yake dhidi ya polisi imefika wapi. Wakili alimleta mtaalamu kutoka Columbus, mzee aliyefundisha mbwa wa polisi miaka ishirini, akakaa siku mbili na video ya kamera ya kifuani ya yule polisi. Ameandika kurasa arobaini. Anasema polisi alionya mara moja tu kisha akamwachia mbwa papo hapo. Na kwamba Minani alikuwa ameshalala chini, mikono wazi, mbwa akaendelea kumng'ata paja sekunde thelathini na nane bila kuitwa. Nikadhani yameisha. Wapi! Upande wa pili nao wana mtaalamu wao, naye anasema anayeonywa akakimbia amejitakia. Basi wasomi wawili wanahesabu sekunde na kukagua vyeti vya mbwa, vyeti vya mbwa, dada, na ndugu yetu anashuka ngazi kinyumenyume. Wamenichosha.

Swali lililobaki ni kwa nini alikimbia, wakati mwizi wa magari aliyetafutwa hakuwa yeye. Mzee wa Columbus amesikia kwenye video sauti ya mwanamume ikipiga kelele kwa lugha asiyoijua, kabla tu Minani hajatimua mbio. Ameandika kwamba mtu huyo atafutwe. Minani amemwambia wakili kuwa alikuwa peke yake na sauti ile haijui.

Unakumbuka kule kambini Kigoma, tulipotoka nje bila kibali kutafuta kuni? Aliyewaona polisi kwanza alipaza sauti tukimbie, na aliyesimama kuuliza ndiye aliyekamatwa. Asubuhi ile ya mbwa, mimi na Minani tulitoka kazini pamoja. Yeye alitangulia, mimi nilikuwa nyuma nafungua gari.

Dada, sauti ile ni yangu. Nilimwambia akimbie, kisha mimi nikajikunja nyuma ya gari, na nimenyamaza miezi kumi na mmoja. Nilijidanganya kwamba naogopa karatasi zangu za uraia zisije zikakwama. Ni woga na aibu, basi.

Jana nilimwambia Minani kwamba Jumatatu naenda kwa wakili kusema. Alikasirika, akaniambia niache. Nikamuuliza kwa nini amenificha muda wote huu. Akajibu kwamba nikisema mimi, naye ataulizwa, na itambidi aseme kweli: onyo la polisi alilisikia na kulielewa, na alikuwa ameanza kuinua mikono, ila kaka yake alisema kimbia.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Niombee kesho saa tatu.

Ndimi mdogo wako,
Jean Bosco