Mama mudogo iko muzima

Kampala, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Naomba barua hii akusomee dada Masika, si kaka Paluku, maana Paluku ataruka maneno. Mguu wako unaendeleaje? Nimesikia umevimba tangu ulipotoka Beni, na najua aliyeuvimbisha ni mimi. Mimi ni mzima, ninakula, kazi ninayo. Zaidi ya hapo sina habari njema.

Barua ya Paluku niliipata wiki iliyopita kwa mkono wa dereva wa lori. Ndipo nilipojua ulikuwa unangoja nini kule Beni, pale Bungulu, siku tatu. Paluku ameiandika kama kichekesho. Mimi niliisoma nimesimama mlangoni pa kazi.

Nianze mwanzo, kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza vizuri. Ile kompyuta ya Paluku ya kurekodia kwaya za parokia imezeeka. Kwaya ikiingiza sauti nne inakwama, wimbo unakatika katikati. Mashine mpya hatuiwezi. Dawa ni kuikaza processeur, yaani ubongo wake, ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani. Lakini kile kibao ambacho ubongo na kumbukumbu huchomekwa juu yake, carte mère, mafundi wa kwetu wanaiita mama tu, ile ya Paluku haikubali kukazwa. Akaniagiza nyingine, kwa masharti mawili. Iwe ndogo, iingie kwenye kasha ambalo mtu anaweza kukimbia nalo, maana mara ya mwisho risasi zilipolia Butembo aliacha nusu ya vifaa vyake. Na ikubali barrettes, yaani vijiti vya kumbukumbu, alizo nazo, kwa sababu za kununua upya hakuna.

Nilizunguka madukani Jumamosi nne. Kubwa zilikuwepo, zinakubali barrettes zetu, zinakubali kukazwa, lakini ni pana kama sinia. Ndogo mpya zilitaka barrettes za aina mpya. Ndogo za zamani zilikubali barrettes, lakini spidi yake imefungwa, huwezi kuigusa. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa nilipomkuta fundi mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Lubero.

“Unatafuta mama mukubwa ao mama mudogo?”

“Mudogo. Lakini akubali barrettes zetu, na akubali kukazwa.”

“Iko mumoja. Alishatumika, mais iko muzima.”

Akaiwasha mbele yangu, akachomeka barrette ya aina yetu, akafungua ukurasa wa kupandisha spidi. Ikapanda, ikatulia. “Musimukaze sana,” akanicheka, “haraka haraka haina baraka, ataungua.” Mama, nilifurahi kama mjinga. Nikaenda mbio kwenye phonie, ile redio ya kupigia kelele hadi Butembo. Ilikuwa inakwaruza, nikafupisha: “Mama mudogo amepatikana. Iko muzima. Atafika Beni siku ya ine na kamyo. Muende kumupokea.” Habari za barrettes na spidi nazo nilizisema, lakini mwenye phonie wa huko hakuyajua maneno hayo, hakuyaandika.

Paluku alikuwa Lubero na kwaya. Karatasi ukapewa wewe.

Na nyumbani kwetu mama mudogo ni mmoja tu, mdogo wako Kabugho, ambaye tangu vita vilipopita Mabalako hakuna aliyemwona wala aliyemzika. Ukavaa kitenge cha sikukuu. Ukafunga viazi na viatu vya kumvalisha, ukashika njia ya Beni ambayo hata wanaume walikuwa wanaiogopa. Lori lilipofika ukamuuliza dereva, “Mutu iko wapi?” Naye akakukabidhi kartoni. “Mutu hapana, mama. Balinipatia hii tu.”

Nina hasira. Nina hasira na vita hivi vinavyotufanya tutafute watu na vyuma kwa redio moja. Nina hasira na Paluku, ambaye ameniomba nikuambie umtolee kartoni chini ya kitanda chako, eti kwaya zinamngoja. Sikuambii. Ikae hapo mpaka utakapotaka mwenyewe, hata ikiota kutu. Afadhali nyimbo zikatike.

Wenzangu hapa wananifariji kwamba kosa ni la redio. Si kweli. Redio ilifikisha maneno yangu sawasawa. Nilipiga kelele “mama mudogo” mara tatu, watu wamepanga mstari nyuma yangu, na sura ya Kabugho aliyenilea haikunijia hata mara moja. Nilikuwa nawaza spidi. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, si lile la redio.

Nisalimie dada Masika anayesoma hapa, na mume wake mwalimu. Msalimie nyanya, umwambie dawa yake ya kifua ninaitafuta. Msalimie katekista jirani yetu aliyekusindikiza mpaka barabarani. Paluku pia, ni kaka yangu, nitafanya nini.

Na mama mudogo Kabugho. Barua zote za mwaka huu niliacha kuliandika jina lake kwenye salamu, nikijiambia nani atampelekea. Leo nimeliandika. Salamu zake zipokee wewe, umwekee.

Mwanao unayeruhusiwa kumfokea,
Kasereka