Harusi Kabla ya Kesi

Jumamosi, 15 Machi 2025

Mikono haitulii. Dukani nimepanga dawa kwenye rafu, nikazipangua, nikazipanga tena. Mteja kaomba ya mafua, nikampa ya minyoo. Bosi kanirudisha nyumbani.

Niandike basi.

Juzi Alhamisi tulikuwa tunatoka Kinyala, mimi na mchumba wangu Nsajigwa, pikapu yake imejaa parachichi. Kabla ya kufika Kawetele tulimgonga Mzee Twalib, fundi cherehani wa pale sokoni Tukuyu. Alifia njiani tukimkimbiza hospitali.

“Tulimgonga.” Naona nimeandika “tu”. Usukani alishika Nsajigwa.

Ukungu ulikuwa umeshuka, mzito. Lori la majani ya chai linajikokota mbele yetu. Simu inaita, inaita — mnunuzi anautaka mzigo wake. Nikasema, “Nsaji, usipite hapa, kona!” Akacheka. “Barabara hii naijua hata nikifumba macho.” Akapita. Mara taa ya pikipiki hiyo usoni mwetu! Akakata kulia, tukatoka nje ya lami. Na huko nje ya lami, kwenye majani, ndiko alikokuwa amesimama Mzee Twalib na baiskeli yake, akisubiri lori lipite.

Alikuwa na kanzu za watoto za Idi ndani ya mfuko. Zilitawanyika juu ya michai. Nyeupe. Na mzee wa watu alikuwa amefunga.

Sare yangu ya darasa la kwanza alinishonea yeye.

Jumatano, 19 Machi

Nsajigwa katoka kwa dhamana. Amekonda siku hizi chache kama aliyeugua mwezi. Kosa lake wameliandika: kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa uzembe. Akipatikana na hatia anaweza kwenda jela, na leseni kwaheri.

Lori halikusimama. Mwenye pikipiki hajulikani. Na sisi tulimbeba mzee na kuondoa gari, halafu mvua ikanyesha usiku kucha, kwa hiyo trafiki walipokwenda kupima hawakukuta hata alama za matairi. Aliyeona ni mimi.

Maelezo nilishatoa polisi, siku ya pili yake, bado nina damu kwenye mkono wa sweta. Nilisema nilichoona. Hata sikufikiria. Askari alisoma kwa sauti, nikatia sahihi.

Nsajigwa hajaniuliza nilisema nini. Kwa nini haulizi?

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada tulikwenda kwa kina Mzee Twalib kuomba msamaha. Tulingoja Idi ipite. Msemaji alikuwa Ambindwile, baba mdogo wa Nsajigwa, ndiye aliyemlea. Aliongea vizuri, kwa unyenyekevu. Nsajigwa alipiga magoti mkekani, akalia. Kweli alilia! Mjane akamshika kichwa, akasema wao wamesamehe, yote ni kadari ya Mungu, ainuke.

Shamimu, binti wa marehemu, alituletea chai. Cherehani ya baba yake imefunikwa kitenge pale pembeni ya mlango.

Njiani nikasema, basi yameisha? Baba mdogo akatikisa kichwa. “Hawa wamesamehe, mwanangu. Lakini anayeshtaki si hawa. Ni Jamhuri. Jamhuri huwezi kwenda kuipigia magoti.”

Jumatatu, 12 Mei

Siamini! Jana Nsajigwa na baba mdogo wamefika nyumbani Nkunga. Harusi haingoji tena Desemba. Ni tarehe 28 Juni! Mama kapiga vigelegele mpaka jirani katoka kwenye migomba yake kuuliza kuna nini. Eti baba mdogo kasema kijana amepitia mazito, anahitaji mke wa kumtuliza.

Mchungaji ameshakubali. Nguo, keki, kwaya — vyote kwa wiki sita! Nimecheka leo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu nikaona vibaya kucheka.

Alhamisi, 22 Mei

Sitaki kuandika. Nimetoka, nimetembea mpaka stendi, nimerudi. Nimefua blauzi ambayo haikuwa chafu.

Leo nilikwenda kwa baba mdogo kupeleka majina ya waalikwa. Mlango wa uani uko wazi, yuko ndani anaongea na simu, sauti juu kama kawaida yake. Alikuwa anaongea na wakili. Alisema ndiyo, tarehe ishapangwa, ndoa tarehe 28, kesi inasikilizwa tarehe 2 Julai, tutawahi. Akauliza mara mbili: una hakika mke halazimishwi kusimama mahakamani dhidi ya mumewe? Akasikiliza. Akacheka kwa kuridhika. Akasema basi maelezo ya polisi bila mwenyewe kusimama ni karatasi tu, na wao watasema mzee aliingia barabarani.

Nikarudi kinyumenyume na majina yangu mkononi. Kuku wakaniona, yeye hakuniona.

Mzee aliingia barabarani!

Kwa hiyo mimi si bibi harusi. Mimi ni mdomo wa kufungwa.

Jumamosi, 24 Mei

Nilimkuta Nsajigwa anaosha pikapu. Taa ya kulia ameweka mpya, inang'aa kuliko ya kushoto. Nikamuuliza pale pale.

“Harusi ya Juni ni ya nani? Yako au ya wakili?”

Aliendelea kusugua. Halafu akaitupa sponji kwenye ndoo.

“Nani kakwambia?”

“Ulijua?”

“Nilijua.” Akakaa kwenye tairi. “Prisca, naogopa. Nilikaa mahabusu siku chache tu na bado nasikia harufu yake. Ila kukupenda sijaanza leo, wewe unajua. Desemba au Juni, si ni wewe yule yule?”

“Mzee Twalib alisimama wapi?”

“Kulikuwa na ukungu.”

“Alisimama wapi, Nsaji?”

“Sikumwona! Mungu wangu, ningemwona ningemgonga?”

Akalia tena. Nami nikalia. Nikamfuta uso kwa kanga yangu, ndio ujinga wangu. Nampenda. Siwezi kuandika vingine. Alimbeba mzee yule mikononi kama mtoto, anapiga kelele “Baba! Baba!” mpaka hospitali. Angeweza kukimbia. Wangapi hukimbia!

Lakini mzee hakuingia barabarani.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia mama yote. Aliendelea kumenya ndizi. Halafu: “Gwe Prisca, ng'ombe wa mahari wameshapokelewa. Yule mzee amekufa, na watu wake wamesamehe. Wewe unataka nini zaidi yao?”

Sijui. Kweli sijui nataka nini. Nataka Desemba.

Ijumaa, 6 Juni

Shamimu kaja dukani. Kuna baridi ya kukata masikio, amejifunga mtandio hadi mdomoni. Akaomba panado, mama yake kichwa kinamsumbua tangu waitwe mahakamani. Hapakuwa na mteja mwingine. Akaegemea kaunta.

“Hongera, nasikia mnaoana.”

“Ahsante.”

“Dada Prisca, mimi sina neno na Nsajigwa. Mama alisamehe, na mimi nimesamehe. Wakimfunga, baba harudi. Ila sokoni wanasema baba aliingia barabarani ovyo, kama mlevi. Kwenye mfungo wa Ramadhani! Wanangu wanaambiwa hivyo shuleni.” Akanitazama. “Wewe ulikuwepo. Aliingia?”

Nikasema, “Hizi mbili asubuhi, mbili jioni. Asinywe bila kula.”

Ndivyo nilivyosema!

Alichukua dawa zake, akasema Mungu akubariki, akatoka. Nikabaki nashikilia kaunta. Nilitaka kumkimbilia. Nilifika hadi mlangoni, nikaona mtandio wake kwa mbali kwenye ukungu, nikarudi ndani.

Jumatatu, 16 Juni

Mleta wito wa mahakama kanikuta dukani, nimesaini. Tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi, bila kukosa.

Jioni nikamwita Nsajigwa. Nikamwambia: ndoa nataka. Lakini tarehe 5 Julai, siyo 28 Juni. Wiki moja tu mbele. Ukinitaka mimi, utangoja wiki.

Akasema atazungumza na baba mdogo.

“Mimi sijachumbiwa na baba mdogo.”

“Prisca, wiki hiyo ndiyo maisha yangu yote.”

Kaondoka kwa miguu. Funguo za pikapu kaacha mezani. Siku hizi usukani anaukwepa.

Jumatano, 18 Juni

Baba mdogo Ambindwile kaja mwenyewe. Hakutaka hata uji. Anasema nimeuaibisha ukoo. Mchungaji kaambiwa, kwaya imeambiwa, mahema yameagizwa. Anasema msichana anayemfunga mchumba wake hakuna atakayemuoa toka Tukuyu mpaka Kyela. Nikamjibu kwa heshima, nimepiga magoti kabisa, kwamba sijakataa ndoa, nimekataa tarehe. Akasema tarehe ndiyo ndoa.

Mama kaingia jikoni, hakutoka.

Jumamosi, 28 Juni

Leo ndiyo ingekuwa. Kumepambazuka jua! Juni, Tukuyu, jua! Nimechambua maharage. Nimelima. Nimechambua tena yale yale.

Nsajigwa hajapiga simu. Mimi nimepiga, nimekata kabla haijaita.

Jumatano, 2 Julai

Naandikia kwenye kibaraza cha mahakama, nyuma, karibu na tenki la maji. Umeme umekatika na hakimu anaandika kwa kompyuta. Wametutoa mpaka jenereta iwake. Karani kaniambia niko katikati ya ushahidi, nisiongee na mtu yeyote. Basi naongea na daftari.

Nimeapa kwa Biblia. Wakili wa serikali ni dada mdogo, mpole. Kauliza jina, kazi, tulitoka wapi, hali ya hewa. Kauliza kama nilimwonya dereva. Nikasema ndiyo. Alijibu nini? Nikalisema jibu lile la kufumba macho. Nsajigwa kizimbani aliinamisha kichwa. Nikaongeza bila kuulizwa kwamba alisimama, kwamba alimbeba mzee, kwamba hakukimbia. Hakimu akasema nijibu ninachoulizwa. Hata hivyo aliandika, nilimsikia akigonga.

Halafu: “Shahidi, gari lilipotoka nje ya lami, marehemu alikuwa wapi?”

Giza!

Hivyo tu. Swali limebaki hewani na sisi tuko nje na baridi yake. Manyunyu yanaanza.

Shamimu yuko kwenye benchi na mama yake, alishatoa ushahidi wake asubuhi. Hanitazami. Baba mdogo yuko getini na wakili, wananong'ona, wananiangalia mimi, wananong'ona.

Nsajigwa kachuchumaa peke yake chini ya ukingo wa paa, hatua chache tu kutoka hapa. Ameokota kijiti. Anachora kwenye vumbi. Kwanza sikuelewa. Mistari miwili inayopinda — barabara. Kona. Kipande cha tofali — lori. Kakaa muda mrefu na kokoto moja kiganjani, anaipindua, anaipindua. Ameiweka. Nje ya mstari. Mbali kabisa na mstari, kwenye majani.

Kainua uso. Kaniangalia. Mara ya kwanza tangu siku ile ya funguo.

Baba mdogo ameona. Anakuja kwa haraka, koti linapepea, anasema, “Nsajigwa! Unafanya nini hapo? Futa!”

Jenereta imewaka. Karani anaita jina langu.

Hajafuta —