Kasema Sawa, Kisha Kanirudishia Koleo

Bi Helvi mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, mimi ni mwanamume wa makamo hapa Hancock, natunza seva ya kiwanda cha mbao, na sijawahi kuandika gazetini kuomba ushauri wa mtu, maana kitu kikiharibika mimi husoma mwongozo wake nikakitengeneza, lakini Marlys hana mwongozo.

Marlys Tervo yuko kaunta ya nyama kwenye duka la ushirika, ni mpenzi wangu wa siku nyingi, na majira haya ya baridi nikaamua nimwombe tuoane, na kwa kuwa mdomo wangu hugoma nikiwa mbele yake nikaona heri nimwandikie barua pepe. Sasa Bi Helvi, mimi barua pepe siandiki kwa kubofyabofya kama watu wengine, pale kiwandani kuna programu ndogo ya kutuma barua, kupokea haipokei, inatuma tu, boila ikipata joto kupita kiasi inanitumia taarifa, nyepesi, haina makuu, naipenda mno na Marlys anajua. Basi nikaandika barua kwenye faili, juu nikaeleza hali yetu, kisha nikaweka nukta moja peke yake kwenye mstari wake, ili moyo wa Marlys upumzike kidogo, na chini ya nukta ndipo nikauliza swali lenyewe na kumweleza habari za pete ya bibi yangu. Nikaimimina faili yote kwenye programu, na machaguo ya amri nikayapanga kwa uangalifu, kila herufi na kistari chake, -F ili jina lisomeke "Eino wako", -t ili programu imtafute mpokeaji ndani ya barua yenyewe, na mengine manne ya kuongeza heshima. Nikabonyeza. Programu haikusema kitu, na sisi watu wa seva tunajua kwamba ikinyamaza mambo ni shwari, kelele hupigwa penye kosa.

Marlys naye akanyamaza, nikafurahi sana.

Halafu nikiwa najifukiza mvuke kwenye sauna na Reino, kaka yake Marlys, akaniambia, "Si kakujibu, shem? Hujaona?"

"Kasemaje?"

"Kasema sawa."

"Sawa kabisa?"

"Sawa tupu. Kisha akazima kompyuta."

Nikatoka mbio nikajitupa kwenye theluji nikipiga kelele za furaha, Reino kasimama mlangoni na taulo lake, akaniambia, "We Eino una roho ngumu! Dada yangu analia, we unacheza?" Nikajua ni machozi ya furaha. Mama yangu akaanza kuoka mikate ya iliki mpaka jokofu la barazani likakataa kufunga.

Juzi nafungua mlango, nakuta koleo langu la theluji, lile jekundu nililomwachia kwake la kumzolea theluji mlangoni, limechomekwa mbele ya ngazi. Bi Helvi, wewe ni wa huku, unajua kwamba mtu hakurudishii koleo mwezi wa Januari bila maana. Nikamkimbilia dukani.

"Marlys, koleo la nini?"

"Si lako hilo?"

"Lakini ulisema sawa!"

"Ulitaka niseme nini, Eino? Nikupigie magoti?"

"Hapana, magoti ni yangu mimi!"

Akageukia mizani yake, akasema, "Toka kwenye foleni, kuna wateja." Sasa nasikia mwisho wa mwezi anahamia Duluth kwa dada yake, nyumba ameshaipangisha, Reino hanisemeshi, mama anasema ni woga tu wa bi harusi, nami sili, silali, jana boila ililia nikaiacha ilie. Nampenda yule mwanamke, sitaki aende. Naiweka hapa chini barua niliyomtumia, neno kwa neno, na nukta yake, na hii pia naituma kwa programu ile ile ili uone nilivyofanya, tafadhali isome yote uniambie ni neno gani lilimuudhi:

"Marlys, nimefikiri sana. Kila Ijumaa nakuja kwako kwenye theluji, kila Jumapili narudi kwangu, na mwili umechoka. Sisi si watoto tena. Naona mambo haya tunayoyafanya yafike mwisho."

JIBU LA BI HELVI

Eino, barua yako kwangu nayo imeishia hapo. Hakuna swali, hakuna pete ya bibi, hakuna hata salamu za mwisho. Nikadhani ni mtandao, kisha nikakumbuka ile nukta yako, nikacheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa. Sasa nimemaliza kucheka. Nisikilize.

Kabla ya kuingia gazetini nilitunza seva za wilaya hii, kwa hiyo usinibabaishe na vistari. Programu za namna hiyo zikikuta nukta imekaa peke yake kwenye mstari huona barua imekwisha, na yote yaliyo chini huyatupa. Kuna chaguo la kuzuia hilo, -i, herufi moja nyembamba, nawe hukuliandika. Yale manne ya heshima uliyoyapanga, rudi ukasome mwongozo vizuri: yanapokelewa, kisha yanapuuzwa. Yaliwekwa ili sisi tuliozoea programu kubwa za zamani tusinune.

Basi Marlys alipata nini? Alipata mwanamume aliyechoka kumtembelea na anayetaka mambo yafike mwisho. Hata kwaheri hakupewa. Akajikaza, akajibu sawa. Na jibu lenyewe lilikwenda wapi? Chaguo la -F ni la jina tu. Anwani inawekwa kwa f ndogo, hukuiweka, na barua ikatoka kwa anwani ile ile inayotuma taarifa za boila. Mtoto wa watu kaachwa na boila, kaijibu boila, na boila haina sanduku la barua! Mimi mwenyewe nilikuandikia faraghani, kwa upole kuliko huu, ikaenda kwa boila vilevile. Ndiyo maana leo unasomwa na wilaya nzima.

Nakuonea huruma, kweli nakuonea. Sijapata kuona mwanamume mwingine anayempumzisha mwanamke moyo kwa nukta, na nusu ile ya juu, ingawa imeandikwa vibaya, imeandikwa na mtu anayependa. Lakini aibu kwako, Eino. Ukimya wa programu ni habari njema. Wa mwanamke uliyemwandikia barua ya ndoa unaufurahia vipi? Kaka yake alikwambia analia, ukaenda kugaagaa kwenye theluji. Marlys mwenyewe alikuuliza ulitaka aseme nini, ukamjibu habari za magoti yako. Haya yote yalikufikia yakiwa mazima, hakuna aliyekukatia. Wewe ndiye unayetuma tu na hupokei.

Sasa fanya hivi. Leo duka likifungwa, nenda kwake. Usiende na simu, usiende na karatasi, wala usimtume Reino. Chukua ile pete. Mwambie mama yako asitishe mikate mpaka kieleweke, na ile iliyoshindwa kuingia kwenye jokofu ailete hapa ofisini. Marlys akifungua mlango, mwambie, "Barua ilikatika. Nilikuwa naomba tuoane." Ukishasema hivyo funga mdomo, umsikilize mpaka amalize, hata akikutukana, hata akisema Duluth inamfaa zaidi. Ana haki, amelia kwa kosa lako. Ikija hapana, ipokee, umtakie heri, urudi nyumbani ukalie kama watu wengine.

Na nakujua, wewe na watu wote wa kazi yetu. Ukimwona tu utataka umweleze kwanza f ndogo na F kubwa, na kwa nini programu nyepesi ni bora kuliko nzito. Usithubutu! Anza na swali. Mambo ya mashine utamweleza mkishaoana, wakati hana tena pa kukimbilia.